Torenti, seva au kutiririsha: ulinganisho wa kisheria kwa anayetaka kupata au kusambaza faili

Anayeuliza kama ni halali kupeana faili kwa torenti kwa kawaida hupewa jibu moja kati ya mawili: kwamba huo ni wizi mtupu, au kwamba hakuna tatizo kwa kuwa kila mtu anafanya. Yote mawili hayamfai mtu anayetaka kuchagua njia, kwa sababu yanaihukumu programu badala ya kulihukumu tendo. Sheria za hakimiliki haziulizi umetumia programu gani. Zinauliza kazi hiyo ni ya nani na ameiruhusu itumike kwa masharti gani, wewe umefanya nini nayo, na ni sheria ya nchi gani inayokuhusu. Kati ya maswali hayo matatu, la pili ndilo linalobeba uzito mkubwa katika ulinganisho huu, kwa kuwa ndilo linaloitenga torenti na njia nyingine, na ndilo ambalo watumiaji wengi hawalifikirii hata kidogo mpaka wapokee barua ya wakili.

Kupokea tu, na kupokea huku unatoa

Unapopakua faili kutoka kwenye seva ya tovuti, data husafiri upande mmoja: seva inatoa, wewe unapokea. Unapotiririsha wimbo au filamu hali ni hiyo hiyo, isipokuwa kwamba kifaa chako huhifadhi vipande vya muda ambavyo hufutika baadaye. Torenti haifanyi kazi hivyo. Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, huikata faili katika vipande vidogo, hukipa kila kipande alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kisha huwaacha wote wanaoitaka faili hiyo wabadilishane vipande wao kwa wao. Kipande cha kwanza kikishakamilika kwenye kompyuta yako, programu huanza kuwapa wengine kipande hicho huku bado inakutafutia vilivyobaki, na usipoifunga itaendelea kutoa hata baada ya faili yako kutimia. Nguvu yote ya mfumo inatokana na hapo: kadiri wanaoitaka faili wanavyoongezeka, ndivyo wanaoitoa nao wanavyoongezeka, bila mtu yeyote kulazimika kugharimia seva kubwa.

Kwa mhandisi hilo ni jambo la kupendeza. Kwa mwanasheria ni matendo mawili yaliyofungwa pamoja. Kupakua ni kunakili, yaani kutengeneza nakala mpya ya kazi. Kupakia, yaani kuwatumia wengine vipande ulivyonavyo, ni kuisambaza, au, kwa maana iliyowekwa na Mkataba wa Hakimiliki wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, kuifikisha kazi kwa umma kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuifikia mahali na wakati anaouchagua mwenyewe. Haki hizo mbili za mwandishi ni tofauti na hazina mianya sawa. Nchi nyingi zina msamaha wa aina fulani kwa nakala ya matumizi binafsi, lakini msamaha unaomruhusu mtu kuwagawia watu asiowajua kazi ya mwingine bila idhini ni nadra mno. Kwa hiyo anayejitetea kwamba alipakua kwa matumizi yake mwenyewe anatumia utetezi wa kupokea, ilhali programu yake ilikuwa ikitoa pia.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi na kusema kwamba kipande kimoja cha faili hakichezeki wala hakisomeki, hivyo aliyetoa vipande vichache hakutoa kazi yoyote. Hoja hiyo ina mvuto wake, lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliikataa tarehe 17 Juni 2021 katika kesi ya Mircom dhidi ya Telenet. Mahakama ilisema kwamba kupakia vipande ni kuifikisha kazi kwa umma hata kama vipande hivyo peke yake havina matumizi, na kwamba haijalishi kuwa programu ilivipakia yenyewe bila mtumiaji kubofya chochote, almuradi mtumiaji huyo alikubali kuitumia baada ya kuelezwa ipasavyo inavyofanya kazi. Wala hakuna idadi ya chini ya vipande inayopaswa kufikiwa kwanza. Kwa mtu aliye katika nchi za Umoja wa Ulaya, tofauti kati ya kupakua na kupakia kwa torenti imebaki ya kinadharia tu.

Kuna tofauti nyingine ambayo si ya kisheria lakini inaeleza kwa nini kesi nyingi dhidi ya watu binafsi zimetokana na torenti kuliko njia nyingine. Ili vipande vipatikane, kila mshiriki lazima aone anwani za IP za washiriki wenzake, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa kila mmoja kwenye intaneti. Mwenye haki, au kampuni aliyoiajiri, hujiunga na kundi kama mshiriki mwingine yeyote, huandika anwani zinazoitoa kazi yake pamoja na saa, kisha huiomba mahakama imwamuru mtoa huduma ya intaneti ataje jina la mteja aliyekuwa na anwani hiyo. Hakuna udukuzi wowote katika jambo hilo, ingawa si kila nchi imelikubali wakati wote: mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba kampuni iliyokuwa ikikusanya anwani hizo kwa siri ilikuwa ikivunja sheria ya ulinzi wa data binafsi. Kujificha nyuma ya VPN, huduma inayoficha anwani yako halisi ya IP, kwa upande mwingine, kunabadilisha uwezekano wa kuonekana tu. Tendo linabaki lile lile, halali likiwa halali na haramu likiwa haramu, na ni vyema anayelinganisha njia asichanganye usiri na ruhusa.

Kosa moja, nchi mbalimbali

Hapa ndipo ushauri unaosambaa mtandaoni unapopotosha zaidi, kwa sababu mtu wa nchi moja huandika sheria ya kwao kana kwamba ni ya dunia nzima.

Uswisi ndiyo nchi inayotajwa mara nyingi kama pepo ya wapakuaji, na kuna ukweli ndani yake. Sheria ya huko inaruhusu nakala ya matumizi binafsi hata pale chanzo chenyewe kisipokuwa na idhini, na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020 hayakuliondoa jambo hilo. Lakini wanaoitaja husahau mambo mawili: ruhusa hiyo haihusu programu za kompyuta, na haihusu kupakia. Anayepakua filamu kutoka kwenye seva akiwa Uswisi yumo ndani ya ruhusa; anayeipakua filamu hiyo hiyo kwa torenti huku akiwapa wengine ametoka nje yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba chaguo la njia, na si chaguo la kazi peke yake, linaweza kuamua uhalali.

Uholanzi ilifuata msimamo unaofanana na huo kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba tozo inayolipwa kwenye diski tupu na vifaa vya kuhifadhia ilikuwa ikiwafidia waandishi. Tarehe 10 Aprili 2014, katika kesi ya ACI Adam, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliufunga mlango huo: nchi mwanachama haiwezi kuuhesabu msamaha wa nakala binafsi kuwa unahusu nakala zilizotokana na chanzo kisicho halali. Kwa hiyo makala yoyote ya kabla ya mwaka huo inayosema kwamba kupakua ni halali Uholanzi imepitwa na wakati, na bado zipo nyingi zinazosomwa. Uingereza ilikwenda njia yake: msamaha wa nakala binafsi uliingizwa Oktoba 2014 na kufutwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata, hivyo hata kujinakilia wimbo kutoka kwenye diski uliyoinunua kulirudi kuwa nje ya sheria, jambo ambalo nadhani watu wengi wa huko hawalijui.

Japani ilianza kwa kukataza kupakua muziki na filamu zilizowekwa mtandaoni bila idhini mwaka 2010, kisha tangu Oktoba 2012 ikaongeza adhabu ya jinai ya kifungo kisichozidi miaka miwili au faini isiyozidi yeni milioni 2. Mwaka 2021 katazo lilipanuliwa likaingiza vitabu vya katuni na maandishi mengine. Huko hata kupokea tu, bila kutoa, kunaweza kuwa kosa.

Linganisho linalofundisha zaidi ni kati ya Marekani na Kanada, majirani wenye sheria zilizotokana na mizizi inayokaribiana. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye haki aliyesajili kazi yake kudai fidia iliyotajwa na sheria bila kuthibitisha hasara halisi: kuanzia dola 750 hadi dola 30,000 kwa kila kazi, na hadi dola 150,000 kwa kila kazi ikithibitika kwamba ukiukaji ulikuwa wa makusudi. Mtu aliyeshtakiwa kwa nyimbo 24 basi anaanzia kwenye dola 18,000, na kinadharia anaweza kufikia dola milioni 3.6. Kesi ya kwanza ya kupeana nyimbo iliyofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko ilihusu nyimbo 24 hasa. Mabaraza matatu tofauti, kati ya mwaka 2007 na 2010, yalitoa hukumu za dola 222,000, dola milioni 1.92 na dola milioni 1.5, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarudi kwenye kiasi cha kwanza. Kanada, kwa marekebisho ya mwaka 2012, iliweka kikomo kwa ukiukaji usio wa kibiashara: kuanzia dola 100 za Kanada hadi dola 5,000, na kiasi hicho ni cha kazi zote kwa pamoja, si cha kila kazi. Nyimbo zile zile 24, kwa mtu yule yule, haziwezi kuvuka dola 5,000.

Marekani ina kanuni ya matumizi ya haki (fair use), inayoruhusu kazi itumike bila idhini katika hali fulani, ambayo wengi hudhani itawaokoa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa yenye makao yake Chicago ilimsikiliza mtu aliyesema kwamba alipakua nyimbo ili azijaribu kabla ya kununua, ikaukataa utetezi huo kwa sababu nyimbo ambazo hakuzinunua alikuwa amebaki nazo. Aliamriwa kulipa kiwango cha chini cha dola 750 kwa kila wimbo katika nyimbo 30. Somo lake ni kwamba matumizi ya haki huwafaa wakosoaji, walimu na watafiti wanaonukuu kwa kusudi maalumu. Mtu anayechukua kazi nzima kwa burudani hana nafasi kubwa humo.

Programu yenyewe

Kuhusu programu ninaweza kuwa mfupi, kwa kuwa kuwa nayo kwenye kompyuta si kosa lenyewe. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mashine za Sony za kurekodi televisheni, ilisema kwamba muuzaji wa chombo chenye matumizi halali ya kutosha hawajibiki kwa sababu tu baadhi ya wanunuzi wanakitumia vibaya. Napster, huduma ya kupeana nyimbo iliyoanza mwaka 1999, haikuokolewa na kanuni hiyo, kwa sababu faharasa ya nyimbo zote ilikaa kwenye seva zake yenyewe na mahakama ya rufaa iliona mwaka 2001 kwamba ilijua kilichokuwa kikiendelea na ingeweza kukizuia. Walioifuata waliondoa faharasa ya kati wakidhani wameepuka mtego huo, mpaka mwaka 2005 Mahakama Kuu iliposema kwa kauli moja katika kesi ya Grokster kwamba anayesambaza chombo huku akiwahimiza watu wakitumie kukiuka hakimiliki anawajibika kwa ukiukaji huo.

Nje ya Marekani matokeo yalitofautiana kiasi cha kushangaza: KaZaA, programu nyingine ya kupeana faili, ilishinda mbele ya Mahakama Kuu ya Uholanzi mwaka 2003 na kushindwa mbele ya Mahakama ya Shirikisho ya Australia mwaka 2005. Waendeshaji wa The Pirate Bay, tovuti ya kutafutia torenti, walihukumiwa nchini Sweden mwaka 2009, na mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha kwamba kuendesha na kupanga faharasa ya namna hiyo ni kuifikisha kazi kwa umma, hata kama hakuna faili moja ya filamu iliyohifadhiwa kwenye seva za tovuti hiyo. Hukumu zote hizo zinawahusu watengenezaji na waendeshaji. Mtumiaji wa kawaida anachopaswa kuchukua humo ni kwamba programu kuruhusiwa hakumaanishi kila kinachopita ndani yake kimeruhusiwa, na tovuti kufungiwa na mahakama hakuifanyi programu ya torenti kuwa haramu.

Pale torenti inapokuwa chaguo bora

Mjadala wa hakimiliki umeifanya torenti ionekane kama njia ya kificho, wakati miradi mikubwa ya programu huria inaitumia hadharani. Debian na Ubuntu hutoa mifumo yao ya uendeshaji kwa torenti kando ya kupakua kwa kawaida, LibreOffice, programu za kazi za ofisi, hufanya vivyo hivyo, na Internet Archive, maktaba ya kidijitali, hutoa torenti kwa sehemu kubwa ya hazina yake. Kwa faili kubwa ya namna hiyo, torenti ina faida juu ya seva: upakuaji ukikatika huendelea pale ulipoishia, kila kipande huhakikiwa kwa alama yake kwa hiyo faili haiwezi kufika imeharibika bila kujulikana, na mradi usio na fedha nyingi huokoa gharama. Alama hizo huthibitisha kwamba umepokea kile ambacho faili ya torenti ilikitaja. Hazithibitishi kwamba faili hiyo ya torenti ilitoka kwa mradi wenyewe, hivyo ichukue kwenye tovuti rasmi.

Leseni nazo zimeufikiria mfumo huu kwa makini kuliko watu wengi wanavyojua. Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu huria nyingi, toleo la 3 la mwaka 2007, inasema waziwazi kwamba usambazaji unaotokea kwa sababu tu mtu anapokea nakala kwa njia ya kupeana kati ya watumiaji haumlazimu kuikubali leseni, na inampa anayesambaza programu kwa njia hiyo utaratibu wake: awaarifu washiriki wengine mahali ambapo programu na msimbo chanzo wake vinapatikana kwa umma bila malipo. Leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi huzitumia kuruhusu kazi yake igawiwe kwa masharti anayoyachagua, toleo la 4.0, zinajibu swali linaloweza kuwasumbua wanaotumia kazi zenye sharti la kutofanya biashara, kwamba je, kubadilishana faili si aina ya malipo? Zinatamka kwamba kubadilishana kazi hiyo kwa kazi nyingine zenye hakimiliki, kwa njia ya kupeana faili za kidijitali, si biashara, ilimradi pasiwe na malipo ya fedha yanayohusiana na mabadilishano hayo. Kwa hiyo albamu iliyotolewa kwa leseni hiyo unaweza kuipakua na kuiacha programu yako iendelee kuwapa wengine kwa amani kabisa, mradi jina la mwandishi na maelezo ya leseni yaendelee kuandamana nayo.

Kazi ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha zinahitaji uangalifu zaidi kuliko zenye leseni, na hapa ningempendelea mtu achague seva kuliko torenti ikiwa ana shaka. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ambao karibu nchi zote duniani zimo ndani yake, unaweka ulinzi unaoanza wenyewe bila kusajili wala kuweka alama yoyote, na kwa kazi nyingi unataka udumu si chini ya miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Umoja wa Ulaya unatoa miaka 70. Kazi iliyo huru katika nchi yako basi inaweza kuwa bado inalindwa kwingine, na kwenye torenti humjui unayempa wala nchi aliyopo. Zaidi ya hayo, utunzi wa kale unaweza kuwa umekwisha muda wakati rekodi iliyopigwa juzi ina haki zake, na tafsiri mpya ya kitabu cha kale ni kazi mpya. Maktaba ya kidijitali iliyokwisha kufanya uchunguzi huo inakupunguzia kazi, tena bila kukugeuza msambazaji.

Kuna hoja moja inayorudi kila mara na ambayo inafaa kujibiwa hapa: kwamba aliyekwisha kuinunua kazi ana haki ya kuipakua kwa torenti. Ununuzi humpa mtu nakala yake; haumpi haki ya kuwagawia wengine, na torenti inagawa. Hata kuiuza tena nakala ya kidijitali kuna mipaka, kwani mwezi Desemba 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kuuza vitabu vya kielektroniki vilivyokwisha kutumika ni kuifikisha kazi kwa umma, tofauti kabisa na kuuza kitabu cha karatasi.

Kutiririsha kama mbadala

Wengi walihama torenti wakaenda kutiririsha wakiamini kwamba asiyehifadhi faili hana kosa. Imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu sheria ya Ulaya inaruhusu nakala za muda zinazotokea katika mchakato wa kiufundi. Lakini mwezi Aprili 2017, katika kesi iliyohusu uuzaji wa vifaa vya kuchezea video vilivyokuwa vimewekewa viungo vya tovuti zisizo na idhini, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba ruhusa hiyo haiwahusu wanaotazama kwa makusudi kutoka chanzo kisicho halali. Kutiririsha bila idhini hakumfanyi mtazamaji kuwa msambazaji, na kwa hilo ni tofauti na torenti. Bado si halali katika Ulaya. Kuna pia programu zinazoonekana kama za kutiririsha ilhali ndani yake ni torenti. Popcorn Time, iliyotokea mwaka 2014, ilikuwa hivyo: mtumiaji alibofya na kutazama kama kwenye huduma ya kawaida, huku kompyuta yake ikiwapa wengine vipande vya filamu wakati wote.

Huduma zenye leseni ndizo pekee zinazokuondolea kwa pamoja maswali yote matatu ya mwanzoni, na gharama yake si ada peke yake. Unalipia ufikiaji, humiliki nakala, na kazi inaweza kuondolewa mkataba kati ya huduma na mwenye haki ukiisha. Anayetaka kubaki na kazi kwa miaka mingi afadhali anunue nakala inayopakuliwa bila kufuli ya kidijitali, pale inapouzwa, au achague kazi zenye leseni huria.

Kwa anayetaka kusambaza kazi yake mwenyewe

Mwandishi, mwanamuziki au mtunzi wa programu anayemiliki haki zake zote anaweza kuchagua torenti bila kuomba ruhusa ya mtu. Kabla ya hapo asome mikataba aliyotia saini, kwa kuwa aliyemkabidhi mchapishaji au kampuni ya muziki haki ya kusambaza hawezi tena kusambaza hata kazi aliyoitunga kwa mkono wake, na aliyetumia kionjo cha wimbo au picha ya mtu mwingine hamiliki kila kilichomo. Ninaona seva inamfaa zaidi anayetaka kubaki na uwezo wa kurekebisha, kwa sababu faili iliyo kwenye seva yake anaweza kuibadilisha au kuiondoa wakati wowote. Torenti ikishaenea haina wa kuizima, na leseni za Creative Commons haziwezi kubatilishwa kwa waliokwisha kupokea kazi na wanaotimiza masharti yake. Torenti basi inamfaa anayetaka kazi yake iendelee kupatikana hata siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwa na fedha za kulipia seva.

Barua inapofika

Kwa mwenye akaunti ya intaneti nyumbani, swali la mwisho si la njia ya kuchagua bali la kujua amepokea nini, kwani barua zinazofanana kwa sura zina nguvu tofauti. Nchini Kanada mtoa huduma analazimika tangu mwaka 2015 kumfikishia mteja taarifa ya mwenye haki bila kumtaja mteja huyo, na tangu mwisho wa mwaka 2018 taarifa hiyo hairuhusiwi kudai malipo ya suluhu. Ikiwa ina dai la namna hiyo, haikufuata sheria. Nchini Ufaransa onyo hutoka kwa mamlaka ya umma, awali Hadopi iliyoundwa mwaka 2009 na tangu Januari 2022 Arcom, na kosa linalotajwa humo si kupakua bali ni kutoilinda akaunti yako isitumike kukiuka hakimiliki, kosa ambalo likirudiwa linaweza kufika mahakamani na kuleta faini ya hadi euro 1,500. Hivyo kusema kwamba aliyefanya ni mgeni wa nyumbani hakujibu tuhuma yenyewe.

Nchini Ujerumani barua hutoka kwa wakili wa mwenye haki, ina tarehe ya mwisho, na hudai mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: fedha, na ahadi ya maandishi ya kutorudia kosa yenye adhabu ya mkataba. Kuipuuza kunaweza kuleta amri ya haraka ya mahakama yenye gharama kubwa zaidi, na kutia saini ahadi kama ilivyoandikwa kunaweza kumfunga mtu zaidi ya sheria inavyotaka, kwa hiyo inafaa isomwe na wakili kabla ya kujibiwa. Wazazi wana ahueni fulani huko: mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba wazazi wa mtoto wa miaka 13 hawakuwajibika, kwa kuwa walikuwa wamemweleza kwamba kupeana faili bila idhini kumekatazwa na hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba hakuwatii. Mzazi ambaye hajawahi kuzungumza na mwanawe juu ya jambo hilo hawezi kuutumia utetezi huo.